Msifute penseli kwenye Beano za zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji wako, hasa walioko Uingereza na Uskoti, jambo moja. Mkikuta nakala kuukuu ya Beano au Dandy, magazeti ya katuni ya watoto, darini au mnadani, na pembeni mwa jalada pameandikwa namba au jina kwa penseli, msifute. Wauzaji huyaita maandishi hayo kasoro na kupunguza bei. Kwa maoni yangu, hakuna sehemu ya gazeti hilo yenye thamani kuliko hiyo.

Magazeti haya ya katuni yalitolewa na D.C. Thomson wa Dundee. Dandy lilianza tarehe 4 Desemba 1937, Beano tarehe 30 Julai 1938. Nakala za toleo moja zote zilitoka kiwandani zikiwa sawasawa. Tofauti ilianzia kwenye duka la mtaa. Mwenye duka alifungua furushi alfajiri, akaandika namba ya nyumba juu ya kila nakala iliyoagizwa, kisha kijana akazibeba mkobani na kuzitumbukiza kwenye tundu la barua la kila mlango. Iliyosubiri kufuatwa dukani iliandikwa jina la ukoo. Kwa hiyo penseli ile ndiyo kumbukumbu ya duka, na maduka mengi ya aina hiyo hayapo tena.

Nakala za wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zinahitaji uangalifu zaidi. Karatasi iligawiwa kwa kipimo, na kuanzia 1941 hadi 1949 Beano na Dandy zilipishana: wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Karatasi zilizokwisha kusomwa zilikusanywa zikasagwe upya, ndiyo maana zilizosalia ni chache.

Sasa raba yenyewe. Karatasi ya gazeti hutokana na mbao zilizosagwa, na ndani yake mna lignini, yaani kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mti. Mwanga na hewa vikiipata, asidi huzidi, karatasi hugeuka kahawia na kukatika kama jani kavu. Ukiisugua, raba hung'oa nyuzi pamoja na wino wa jalada, na mfuo ulioachwa na ncha ya penseli hubaki palepale. Umepoteza maandishi na doa umelipata.

Selotepu ni mbaya vilevile: gundi yake huzama ndani, hugeuka manjano, na haitoki bila kuondoka na karatasi. Laminesheni, yaani kufunika karatasi kwa plastiki ya moto, ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu joto na gundi havirudishwi nyuma. Nakala iliyobanwa kwa pini za steple, angalieni kutu. Hula karatasi kuzunguka tundu hadi kurasa za kati zichomoke. Pini ya namna hiyo inuliwe miguu kutoka ndani kwa kisu chembamba butu, itolewe taratibu, na nyingine isirudishwe. Baada ya hapo tieni gazeti katika mfuko wa plastiki ya poliesta, si wa plastiki ya PVC, pamoja na kadibodi isiyo na asidi mgongoni, na lilazwe pakavu penye baridi ya wastani. Darini hapafai: kiangazi ni joto, masika ni unyevu.

Kuna kosa jingine ambalo wanaotafsiri kumbukumbu za maduka hayo hulirudia. Bei ya Beano la kwanza ilikuwa 2d. Herufi d ni ya denarius, neno la Kilatini lililozaa dinari, na hapo maana yake ni peni. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia shilingi huwaza senti 100, lakini shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na peni 240, mpaka hesabu hiyo ilipobadilishwa tarehe 15 Februari 1971. Basi shilingi moja ilinunua nakala 6, si 50. Peremende za maduka hayo nazo zilipimwa kutoka chupa kubwa za kioo, kwa kawaida robo ratili, yaani wakia 4 au karibu gramu 113. Zilikuwa za mgawo tangu 1942, na mgawo ulikoma kabisa tarehe 5 Februari 1953. Anayesimulia mtoto wa 1945 akijinunulia pipi apendavyo amekosea mwaka.

Mkitaka jalada safi la kuonyesha, lipigeni picha na kufuta penseli ndani ya picha. Karatasi yenyewe iacheni na namba yake ya nyumba.

Wako,
Mhifadhi wa magazeti ya zamani