Barua ya wazi kwa wenye maduara (mashimo ya kuchimbia dhahabu) na viongozi wa wachimbaji wadogo

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Juzi wakaguzi walipofika machimboni, niliwaona watoto wakiswagwa vichakani kama vifaranga walioona mwewe, na alfajiri iliyofuata wakawa wamerudi palepale, wamechutama, wanaponda mawe. Taarifa iliandikwa kwamba hapakuonekana mtoto, nanyi mkapeana mikono.

Mkiulizwa kwa nini watoto hawaondoki machimboni, mnajibu kwamba kikwazo ni umaskini wa wazazi. Ni kweli, lakini sehemu ya umaskini huo mmeitengeneza wenyewe. Mchimbaji wenu hana mshahara; anasubiri mgawo wa mawe, na duara linaweza kuchimbwa miezi kadhaa bila kutoa chochote. Katika miezi hiyo mnamlisha yeye aliye shimoni, si wale aliowaacha nyumbani, kwa hiyo mama huwachukua wanawe wakaokote mabaki ili jioni chungu kipate cha kuinjika. Nilimuuliza binti mmoja mdogo kwa nini hayuko shuleni, akanijibu, "Baba hajafika kwenye mwamba," yaani mawe yenye dhahabu. Nilikosa la kumwambia. Hesabu zenu anazijua kuliko ninyi, maana ndizo zinazoamua kama atakula! Tengeni posho ya kila wiki kwa ajili ya familia, kisha muikate kwenye mgawo siku mawe yatakapotoka.

Zebaki nayo, ile mnayonasia dhahabu kwenye mawe yaliyopondwa, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huumia zaidi kwa kuwa mwili wake bado unakua. Isichomwe karibu naye, wala asiishike.

Asiye na cheti cha kuzaliwa msimkadirie umri kwa urefu wake. Mnunuzi naye aulize mawe yamepondwa na nani.

Lawama si zenu peke yenu. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, unaokataza kumtia mtu wa chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari, uliridhiwa na nchi zote wanachama kufikia mwaka 2020. Dunia ikajiwekea lengo la kukomesha utumikishwaji wa watoto ifikapo 2025, na mwaka huo umetupita watoto wakiwa bado mashimoni. Tumekuwa hodari wa kutia saini, na wazito wa kuuliza mtoto aliyefukuzwa machimboni amelala na nini tumboni.

Kikao chenu kijacho nitahudhuria, nami nitauliza ni familia ngapi zimekwisha kupokea posho hiyo.

Mzee wenu