Mwanangu, kabla hujaziuza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia swali: "Mama, hizi hisa niziuze kabla ya uchaguzi au nikae nazo?" Mara ya pili nikaona umeurekodi saa nane usiku. Mara ya tatu niliacha maneno nikasikiliza unavyohema. Ndiyo maana sikukupigia. Kwenye simu ungenibana nikupe neno moja tu, uza au kaa, na mimi ningekupa ili ulale.

Nianze na lililonipata mimi. Hukuwahi kuambiwa kwa sababu ulikuwa mdogo, halafu nilikuwa naona aibu. Ulikuwa msimu wa uchaguzi kama huu wako, watu hawaongei lingine, kila redio inatabiri balaa. Nilikuwa na hisa za kampuni mbili, nimezikusanya kidogo kidogo kwa miaka sita. Wiki tatu kabla ya kura nikaenda kwa dalali, nikajaza fomu, nikauza zote. Nakumbuka kalamu ilikuwa imefungwa mezani kwa uzi, na uzi wenyewe mfupi, ikabidi niandike nimeinamia upande. Na nilipatia! Fujo zilitokea kweli, bei zikashuka, nikawa nawatazama wenzangu waliobaki nazo kama mtu aliyeshuka basi kituo kimoja kabla halijapinduka.

Kasheshe likaanzia hapo. Kila wiki najiambia nitarudi mambo yakitulia. Bei ikishuka, nasema bado itashuka. Ikipanda, nasema inadanganya hiyo. Serikali ikaapishwa, nikasema ngoja tuone baraza la mawaziri. Baraza likatajwa, nikasema ngoja bajeti. Siku nilipokubali mwenyewe kwamba sasa kumetulia, bei ilikuwa imeshaipita ile niliyouzia. Magawio ya mwaka ule, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, wakala wengine. Ada ya dalali nikailipa mara mbili, ya kutoka na ya kurudi. Yaani nilijua siasa itakwendaje, na bado nikala hasara. Anayeuza kwa hofu inabidi apatie mara mbili, siku ya kutoka na siku ya kuingia tena, na hiyo siku ya pili haipigiwi kengele.

Baba yako anaipenda sana hadithi hii. Yeye kwake mali ni kitu unachoweza kukikanyaga, kwa hiyo usimwulize habari za hisa, utapewa hotuba ya viwanja.

Sasa tuje kwako. Unaogopa kwamba matokeo yakiwa mabaya, bei zitaanguka. Sawa, lakini hofu hiyo si yako peke yako. Unayoyasoma usiku kwenye simu, wenye mafungu makubwa ya fedha waliyasoma miezi iliyopita, na waliotaka kutoka wameshaanza kutoka. Bei unayoiona leo, hiyo iliyokukosesha usingizi, hofu yao imeshaingia ndani yake. Ukiuza kwa sababu tu "uchaguzi unakuja", unauza kwa habari ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanayo. Kinachotikisa bei kuanzia hapa ni lile ambalo wengi hawakulitarajia, na hilo mimi na wewe tutalijua pamoja na wao.

Wala usidhani kusubiri matokeo kunamaliza mambo. Kenya mwaka 2017 walipiga kura Agosti, mshindi akatangazwa, watu wakahema. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikayafuta matokeo. Bei kwenye soko la Nairobi ziliporomoka siku hiyohiyo mpaka biashara ikasimamishwa kwa muda. Fikiria mtu aliyejizuia miezi yote, akasubiri matangazo kwa busara, akanunua mwisho wa Agosti kwa kuwa "sasa yameisha". Na kule Marekani, usiku wa kuamkia tarehe 9 Novemba 2016, ilipoanza kuonekana Trump anashinda, masoko yalianguka kabla jua halijachomoza. Aliyeuza usiku ule kwa woga aliona kesho yake kipimo cha Dow Jones, kinachofuata bei za kampuni kubwa za huko, kinafunga kikiwa juu kwa zaidi ya asilimia 1. Wengi walikuwa wamekisia mshindi vibaya, halafu hata walioanza kumwona mshindi wakakosea soko litamchukuliaje.

Kwa hiyo swali la nani atashinda liweke pembeni, hata kama moyo unalivuta. Nataka ujiulize kama siasa hii inaifikia biashara uliyoinunua, au inagusa tu bei yake. Hivyo ni vitu viwili, na watu wengi wanavichanganya.

Nikupe mfano ninaoupenda. Juni 2016 Waingereza walipiga kura kutoka Umoja wa Ulaya. Kesho yake, tarehe 24, kipimo cha FTSE 100, chenye kampuni kubwa 100 za soko la London, kilishuka zaidi kidogo ya asilimia 3. Kile cha FTSE 250, chenye kampuni zinazofuata kwa ukubwa, kilianguka zaidi ya asilimia 7. Nchi moja, kura moja, siku moja. Halafu kufikia tarehe 29, zile kubwa 100 zilikuwa zimerudi pale zilipokuwa kabla ya kura, hizi nyingine zikaendelea kuuguza vidonda kwa wiki kadhaa. Sababu ni kwamba zile kubwa zinapata sehemu kubwa ya mapato yao nje ya Uingereza, kwa dola na fedha nyingine. Pauni ilipoporomoka, mapato hayohayo yakibadilishwa kuwa pauni yakawa mengi zaidi. Zile nyingine wateja wao wengi wako nyumbani, na mteja wa nyumbani ndiye aliyekuwa ameingiwa na hofu. Aliyeuza zote kwa pamoja kwa sababu "siasa ni mbaya" aliuza na zile ambazo siasa hiyo iliziongezea.

Basi chukua daftari, ugawe ukurasa kampuni kwa kampuni. Ile ya simu: leseni yake inatolewa na nani, na inaisha lini? Kama kuna mgombea anayeahidi jukwaani kushusha gharama za simu kwa amri, hilo linaifikia biashara. Ile benki: fedha zake imemkopesha nani? Benki iliyojaza dhamana za serikali, yaani fedha ilizoikopesha serikali, imefungwa kamba moja na serikali hiyo, ikiyumba wanayumba wote. Ya saruji: je, mteja wake mkubwa ni miradi ya umma? Maana serikali mpya huwa na tabia ya kusimamisha malipo ya wakandarasi ili "ihakiki madeni", na mkandarasi asiyelipwa hanunui saruji. Majibu mengi utayapata kwenye ripoti za mwaka ulizoletewa kwa barua pepe na hukuzifungua. Usinikatalie, nakujua.

Ukimaliza, kila kampuni jiulize: ningekuwa na fedha taslimu leo, ningeinunua kwa bei hii? Ukiona hapana, na hapana hiyo imetoka kwenye daftari na si kwenye redio, iuze na usione haya. Sikukatazi kuuza. Wasiwasi ndio akili, wanasema, na mimi nakubali, ila uwe wasiwasi unaokufanya uhesabu.

Lipo jambo moja linalonitisha hata mimi, nalo si bei kushuka. Bei iliyoshuka unaweza kuisubiri. Ninaloliogopa ni mlango kufungwa. Misri mwaka 2011, maandamano yalipowaka Cairo, soko la hisa lilifungwa mwishoni mwa Januari na halikufunguliwa mpaka tarehe 23 Machi. Karibu miezi miwili una mali na huna fedha. Aliyekuwa na mgonjwa hospitalini au mtoto wa kurudishwa shule, hisa zake zilikuwa karatasi tu.

Na Urusi ni zaidi ya hapo. Tarehe 24 Februari 2022, siku majeshi yake yalipoingia Ukraine, kipimo cha soko la Moscow kilipoteza theluthi moja ya thamani kwa siku moja. Tarehe 28 biashara ya hisa haikufunguliwa kabisa. Iliporudi tarehe 24 Machi, ilianza na hisa za kampuni 33 tu, na wageni wakazuiwa kuuza. Wapo waliokuwa wamenunua hisa za kampuni za gesi za huko kwa hesabu safi kabisa, kwamba ni rahisi, zinatoa gawio zuri na gesi haitaisha leo wala kesho. Hesabu ilikuwa kweli. Visima vilikuwepo, mabomba yalikuwepo, ila mlango wa kutokea ndio haukuwepo. Hapo kushikilia kwa subira hakukumsaidia mtu, wala daftari langu hili nisingelisifu. Kilichomwokoa mtu ni kwamba hakuwa ameweka kila alichonacho nyuma ya mlango mmoja.

Sasa wewe umeniambia mwenyewe kwamba theluthi ya fedha hizi ni ada ya masomo, na inatakiwa baada ya miezi minane. Hapo sina mjadala. Hiyo ada iuze wiki hii, iweke pahali ambapo unaweza kuitoa siku yoyote, na usiangalie tena bei. Hata zikipanda mara mbili baada ya uchaguzi, usije ukanilaumu, na usijilaumu. Fedha yenye tarehe haipaswi kungojea wapiga kura waamue. Kwa kweli haikupaswa kuwa kwenye hisa tangu mwanzo, na hilo ni kosa langu, mimi ndiye niliyekusifia gawio la ile benki siku ile unapokea mshahara wa kwanza.

Theluthi mbili zilizobaki ni za miaka mingi ijayo. Hizo ndizo za kupitisha kwenye daftari. Na ukiona zote unazipenda lakini bado usiku huwezi kulala, punguza kiasi kidogo mpaka ulale. Dalali atakwambia hiyo si hesabu. Ni hesabu. Mtu asiyelala siku tatu huuza vyote siku ya nne, tena kwa bei ya kutupa.

Ukienda kuuza hizo za ada, usimwambie dalali "uza tu kwa bei ya soko". Siku za wasiwasi wanunuzi ni wachache, na oda ya namna hiyo inachukua chochote kilichopo: hisa zako mia za kwanza zinapata bei nzuri, za mwisho zinaangukia kwa mtu anayewinda wenye haraka. Taja bei ambayo chini yake huuzi, mwambie aziuze kwa mafungu, na umwulize oda itadumu siku ngapi. Uliza pia ada yake ni kiasi gani na kama kuna kodi kwenye faida, kabla hujasaini. Mimi sikuuliza. Ilikuja kwenye karatasi ya pili, kwa maandishi madogo.

Halafu simu iache sebuleni usiku. Soko lenyewe saa nane limelala.

Nitumie picha ya ukurasa wa daftari ukishaujaza, hasa wa benki, nao ndio unaonipa shaka. Na ukiuza za ada niandikie umepata bei gani, nataka kuona kama dalali wako ni mkweli kuliko wangu.

Mama yako