Shukrani kwa mama aliyeokoa gauni la mwanangu

Usiku wa kuamkia sherehe ya kuzaliwa ya binti yangu, gauni la satini nililokuwa namshonea liligoma: kitambaa kinajikunja, mshono unaruka. Machozi yalinilengalenga. Jirani ambaye hata hatukuwa na mazoea alisikia cherehani ikisimama-simama, akabisha hodi. Alichomoa sindano yangu nene namba 16, akaweka yake nyembamba namba 11, akalegeza uzi, akajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Kisha akafumua mshono wote wa kiuno kwa wembe, tundu kwa tundu, bila kukwaruza satini. Saa saba usiku bado anapinda pindo kwa mkono! Malipo alikataa. Mama, Mungu akubariki. Nanyi wenye ujuzi, mkisikia jirani anahangaika, bisheni hodi.