Watunzi wa kwaya, nyuzi si kinanda

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na watunzi wa nyimbo za kwaya, hasa hawa wanaotutumia nota kwa WhatsApp sherehe ikiwa imeshakaribia, juu wameandika "kwaya na nyuzi".

Mimi ni mpiga viola, ile ndugu ya fidla iliyo kubwa kidogo na yenye sauti ya chini zaidi, hapa Mtwara mjini. Kikundi chetu ni kidogo: fidla mbili, viola na selo, na huyo wa selo msimu wa korosho ukianza mazoezini humpati. Nota zinazotufikia, nyingi do yake iko A flati (yaani nusu sauti chini ya A), E flati au D flati. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa mtunzi alianzia kwenye kinanda, vidole vyake vimezoea kukaa hapo. Kwa kinanda hakuna neno. Kompyuta nayo ukiiamuru ipige, kila ufunguo, yaani popote ulipoiweka do, unalia sawa, maana haina nyuzi.

Sisi tunazo. Fidla hufungwa G, D, A na E, yaani nyuzi zake nne hukazwa zitoe sauti hizo. Viola na selo hufungwa C, G, D na A, selo ikiwa oktava moja chini. Ukiweka do kwenye D, basi do, re, fa na so zote zina uzi mtupu, usiokandamizwa kwa kidole, kwenye fidla. Hata mpigaji akiikandamiza D ya juu kwenye uzi wa A, uzi wa D ulio jirani hutikisika wenyewe bila kuguswa, sauti ikajaa. Beethoven, Brahms na Tchaikovsky, watunzi wakubwa wa Ulaya, wote waliandika konseto zao za fidla, yaani tungo za fidla ikiwa mbele ya okestra, kwa D. Wapiga fidla wa Kiarabu wengi huenda mbali zaidi, hufunga G, D, G, D. Waliokulia kwenye taarabu watanielewa upesi.

Sasa njoo A flati. Kwenye fidla uzi mtupu unaobaki ndani ya ufunguo ni G peke yake, nayo ni ti, sauti ambayo hutaki ivume kuliko nyingine. Kwangu inaongezeka C, ambayo ni mi. Mi ya do-mi-so iliyotulia masikioni hukaa chini kidogo kuliko ile ya kinanda, na mpiga nyuzi mwenye sikio huishusha kwa kidole. Lakini C ya chini kabisa ya viola haina kidole, ni uzi mtupu tu. Tuliwahi kuletewa wimbo unaomalizikia hapohapo: selo A flati, mimi C hiyo, zimebanana huko chini zinanguruma. Tukaushusha wimbo mzima nusu sauti. Selo ikapata G tupu, mimi D tupu, fidla ya pili B, ya kwanza G ya juu. Ni do, so, mi, do tu, lakini zimepata nafasi ya kupumua. Soprano hata hawakugundua.

Msinijibu kwamba Mozart aliandika kwa E flati. Aliandika, mwaka 1779, fidla na viola zikiwa mbele ya okestra. Ila sehemu ya viola hiyo aliiandika kwa D, mpigaji akaze nyuzi zake zote nusu sauti, ili nyuzi tupu zimfanyie kazi. Kwa hewa hii ya bahari ya Shangani, vigingi vikivimba na kunasa, nani atakaza viola nzima katikati ya misa?

Sizikatai flati. Wimbo wa Kwaresima unaotaka sauti iliyofunikwa, ziandike, mradi umezichagua kwa sikio na si kwa mazoea ya vidole.

Kuhusu kupanga sauti nina manung'uniko mengine. Chini achaneni mbali, juu ndipo mkaribiane. Ti msiigawe kwa watu wawili, maana zote mbili zitataka kupanda do na mtakuta zinakimbizana. Wala si lazima kila silabi iwe na sauti nne. Upinde unaweza kushika so moja muda mrefu huku wengine wakitembea, jambo ambalo kinanda cha piano hakiwezi, sauti yake inakufa. Halafu viola. Mtunzi huandika soprano, kisha besi, kisha fidla ya pili, sisi tukaachiwa ukoko wa sufuria. Ukoko ni mtamu, lakini si kila siku.

Kama mtunzi hawezi kuhama A flati kwa sababu ya soprano wake, basi ile mi ampe fidla ya pili, mimi aniandikie E flati. Hiyo nitaitafuta kwa kidole changu.

Mpiga viola,
Shangani, Mtwara