Imeji ya hifadhidata ikikataa kujengeka, usiukimbilie mtandao kuulaumu

Mhariri,

Siku hizi si ajabu hapa Lamu kukuta daftari la kikundi cha wavuvi, orodha ya wageni wa nyumba za Shela au hesabu za chama zimewekwa kwenye seva ya hifadhidata inayoendeshwa ndani ya kontena ya Docker, yaani kisanduku cha programu kinachowashwa kutoka kifurushi kilichojengwa tayari, kiitwacho imeji. Vijana wanaochukua imeji rasmi ya PostgreSQL au MySQL (programu za hifadhidata) na kuiongezea yao wanazidi, na ni jambo jema. Linaloudhi ni wanachofanya imeji ikikataa kujengeka: wanatazama mstari wa mwisho mwekundu, wanalaumu mtandao, wanaongeza `--no-cache` (jenga bila kutumia hatua zilizohifadhiwa) na kuanza upya. Bando linakwisha, kosa liko palepale.

Mstari wa mwisho kwa kawaida hubeba namba tu, lakini namba hiyo nayo ni ya kusomwa. 100 baada ya `apt-get`, amri ya kusakinisha vifurushi kwenye Linux ya Debian, maana yake apt imeshindwa: jina la kifurushi limekosewa, au ghala lake halifikiki. 127 ni amri isiyokuwemo ndani ya imeji. 137 ni kazi iliyouawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu RAM imekwisha. Chanzo chenyewe kiko juu zaidi, pengine mistari 50 nyuma, na BuildKit, ambayo ndiyo mjenzi wa kawaida wa Docker tangu toleo la 23.0, huikunja mistari hiyo. Ikunjue:

`docker build --progress=plain . 2>&1 | tee jenga.log`

Kisha fungua faili hiyo utafute kosa la kwanza. Mengi yanayofuata ni watoto wake.

Aliyewahi kusimama Matondoni kutazama jahazi likiundwa hahitaji somo refu la tabaka za imeji. Mkuku, ule uti wa chini, hutangulia, na mengine yote hujengwa juu yake. Ukitaka kubadilisha mkuku, umelivunja jahazi zima. Dockerfile, faili yenye hatua za kujenga imeji, ni hivyohivyo: ukigusa mstari wa pili, yote yaliyo chini yake hujengwa upya. Kwa hiyo vifurushi vizito vitangulie, na faili za mipangilio unazozibadilisha kila siku ziwe mwisho. Na `apt-get update` iwe kwenye `RUN` (mstari wa kuendesha amri) moja na `apt-get install`. Ukizitenganisha, kashe (hatua zilizohifadhiwa) itabaki na orodha ya vifurushi ya miezi iliyopita, apt itaomba faili ambayo ghala limeshaiondoa, nawe utaona 404 na kudhani ni mnara wa simu.

Mkuku wa imeji ni mstari wa `FROM`, unaotaja imeji ya kuanzia, na hapo ndipo wengi hukwama bila kujua. Imeji rasmi ya MySQL 8 imejengwa juu ya Oracle Linux, kwa hiyo maelekezo ya `apt-get` yaliyonakiliwa mahali yatakufa kwa 127. Humo hutumika `microdnf`. Imeji za Alpine, aina ndogo ya Linux, hutumia `apk` na maktaba ya musl mahali pa glibc ya Debian. Ukiandika `localedef` ili upate mpangilio wa lugha wa sw_KE (Kiswahili cha Kenya), Alpine haina amri hiyo. Imeji ya Debian inayo. Hata mwenyewe wa faili si yule yule: mtumiaji `postgres` ni namba 999 kwenye Debian na 70 kwenye Alpine, kwa hiyo ukihamisha data kutoka huku kwenda kule bila `chown` (kubadili mmiliki), kisha ukaiwasha kontena kwa `--user`, seva itagoma kuwaka.

Kuhusu viongezi. Anayetaka kuhifadhi ramani za maeneo ya uvuvi atahitaji PostGIS, kiongezi cha ramani cha PostgreSQL, na wengi huanza kuikompaili kutoka msimbo wake. Ya nini? Imeji ya PostgreSQL iliyo juu ya Debian tayari ina ghala la mradi wenyewe, na `apt-get install -y postgresql-16-postgis-3` inatosha kwa toleo la 16. Kompaili pale tu kiongezi hakina kifurushi. Hapo weka `build-essential` na `postgresql-server-dev-16`, namba ikilingana na ya seva. Ukiona `postgres.h: No such file or directory`, kifurushi hicho cha pili ndicho kinachokosekana. Ukikiweka cha toleo jingine, hata imeji ikijengeka, seva inaweza kukikataa kiongezi kwa kukuambia yenyewe ni 16 na maktaba ni 15. Kwenye Alpine kompaili hukwama mara nyingi kwa kukosa kompaila ya clang; `make with_llvm=no` huondoa haja hiyo.

Kwenye mashine yenye RAM ya GB 2, `make -j$(nproc)`, yaani kukompaili kwa viini vyote vya prosesa kwa pamoja, ni kujitafutia balaa. Kompaila kadhaa hufanya kazi kwa pamoja, kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inaua mojawapo, na skrini inaandika `Killed signal terminated program cc1`. Hilo si kosa la msimbo. Weka `make -j1`, unywe chai yako.

Kosa jingine ni kuwasha seva katika `RUN` moja na kuunda majedwali katika `RUN` inayofuata. Kila `RUN` ni kontena yake; seva uliyoiwasha imekufa hatua ilipokwisha. Tena folda ya data imetangazwa kuwa `VOLUME` (voliumu, hifadhi iliyo nje ya imeji): mjenzi wa zamani hutupa ulichoandika humo baada ya tangazo hilo, BuildKit hukihifadhi, ndiyo maana Dockerfile moja huleta mambo mawili kwenye kompyuta mbili. Weka faili zako za `.sql` na `.sh` ndani ya `/docker-entrypoint-initdb.d`. Zitaendeshwa kontena inapowaka, ila mara ya kwanza tu, folda ya data ikiwa tupu. Anayebadilisha faili hizo na kujenga upya huku akitumia voliumu ileile atasubiri sana.

Folda hiyo ya data ikiwa ndani ya folda ya mradi, Docker hujaribu kuipakia nayo wakati wa kujenga: ama inakokota magigabaiti, ama inagonga `permission denied`. Iandike ndani ya `.dockerignore`. Diski ikijaa, `docker system df` itaonyesha kilichoijaza na `docker builder prune` itafuta kashe. Usiongeze `--volumes` kwenye `docker system prune` kwa sababu tu umeiona mahali. Kuna hifadhidata zimepotea hivyo.

`exec format error` ni prosesa kutofautiana: imeji ya amd64 (prosesa za Intel na AMD) imepelekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, yenye prosesa ya ARM. Jenga kwa `--platform linux/arm64`. MySQL 5.7 haina imeji rasmi ya arm64, usijisumbue nayo.

Mtandao nao una lawama yake, niseme haki. Tangu Novemba 2020 Docker Hub, ghala la imeji mtandaoni, huwawekea kikomo cha kupakua wasioingia kwa akaunti, na huhesabu kwa anwani ya IP. Watumiaji wengi wa simu hutoka kwa anwani moja, kwa hiyo `toomanyrequests` inaweza kukupata hujapakua chochote. `docker login` kwa akaunti ya bure husaidia.

La mwisho ni lebo, yaani toleo linaloandikwa baada ya nukta mbili katika jina la imeji. `postgres:16` si kitu kimoja daima. Mwaka 2025 ilihama kutoka toleo la Debian liitwalo bookworm kwenda liitwalo trixie. Pamoja na Debian hubadilika glibc, na glibc ndiyo inayopanga herufi, kwa hiyo seva huonya kuhusu `collation version mismatch` (toleo la upangaji wa herufi halilingani) na faharasa za maandishi zinaweza kutoa majibu ya uongo. Andika `postgres:16-bookworm`. Ukiamua kuhama, fanya `REINDEX DATABASE` kwanza, kisha `ALTER DATABASE … REFRESH COLLATION VERSION`. Ukianza na hiyo ya pili, onyo litatoweka na faharasa zitabaki na ubovu wake.

Fundi wa seva,
Langoni, Lamu