Wazee wa ngumbaru wanawazidi vijana kuandika

Ndugu Mhariri,

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Tandahimba. Msimu ukifunguliwa kazi yangu ni mizani, magunia na karatasi, na karatasi ndizo zilizonifanya niandike barua hii.

Msimu uliopita alikuja bibi mmoja na mjukuu wake. Nikamsogezea bibi wino wa dole gumba. Akausukuma pembeni, akaomba kalamu. Akaandika jina lake polepole, ncha ya ulimi nje, kila herufi imekaa juu ya mstari. Alisema alijifunzia ngumbaru, yale madarasa ya watu wazima, miaka ya sabini, chini ya mwembe, jioni baada ya kutoka shamba.

Fomu iliyobaki akampa mjukuu aijaze. Kijana amemaliza darasa la saba mwaka 2021. Akaandika "kolosho ghafi", herufi kubwa katikati ya neno, na namba ya akaunti ambayo moja na saba zake ni mapacha. Kwa neno "kolosho" sikumcheka, nyumbani na mimi natamka hivyo hivyo. Lakini ile saba ilimponza bibi. Fedha zilikwama benki, zikarudi, na wenzake wakiwa wameshalipwa yeye akasubiri wiki mbili zaidi. Lawama nyingine ni yangu, nilipaswa kumsomea namba ile kabla hajaondoka.

Kijana yule kusoma anajua. Nilimwonyesha tangazo la mnada ukutani, akalisoma bila kukwama. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema shule zetu hazifundishi kitu. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ipewe nafasi kubwa, na yeye ni wa kundi la mwanzo. K ya kusoma imemkaa. Ya kuandika imeachwa njiani.

Nimepekua madaftari ya wanangu nijue inaachwa wapi. Darasa la pili kuna mwandiko. La nne kuna imla, kwa kuwa ipo kwenye upimaji wa taifa. Kuanzia la tano, kimya. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, na kunakili ni kama kuchora. Mwanangu wa darasa la sita ana ukurasa mzima wa sayansi usio na kosa hata moja. Nilipomtamkia "mchwa wamekula mlango", akaandika "mcha wamekula mlago".

Mwalimu simlaumu. Mwenye watoto themanini darasani, insha themanini atazisahihisha saa ngapi? Na huko mbele unawasubiri mtihani wa darasa la saba, ambao tangu 2012 sehemu yake kubwa ni kuweka kivuli kwenye fomu inayosahihishwa na mashine. Ungekuwa wewe ndiye unayehesabiwa wanafunzi waliofaulu, ungewafundisha kuandika barua au kuchagua kati ya A na E?

Najua kuna watakaosema siku hizi simu inaandika yenyewe. Waje ghalani mwezi wa kumi, waone fomu zinavyojazwa kwa kalamu.

Ombi langu si kubwa. Kuanzia darasa la tano hadi la saba, imla ya dakika kumi kila wiki, watoto wabadilishane madaftari na kusahihishana, mwalimu apitie machache tu. Na Baraza la Mitihani liweke barua fupi kwenye mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba, hata ya mistari mitano, iandikwe kwa mkono. Ikishaingia kwenye mtihani, darasani itafundishwa bila kuhimizwa na mtu.

Fomu ya pili, baada ya fedha kurudi, bibi aliijaza mwenyewe. Ilimchukua karibu nusu saa na foleni ilinung'unika, ila kila saba aliikata kistari katikati.

Karani wa ghala,
Tandahimba, Mtwara