Jumamosi tunapima presha

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi baada ya marejesho, muuguzi atakuja na mashine ya presha. Msiniambie "mimi sina dalili". Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote mpaka ilete kiharusi. Chai na kahawa acha nusu saa kabla, kisha kaa utulie dakika 5. Ukikuta 140/90 au zaidi, usikimbilie vidonge vya jirani, kipimo kitarudiwa siku nyingine. Walio kwenye dawa, msiache kwa sababu mnajisikia nafuu. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ya dagaa wakavu. Mama wa achari, nakuangalia 😄 Na waume zenu waje, hao ndio wagumu kupimwa.